Breki zinazoshika Buyenzi: tairi linalochemka na mahali kosa lilipo

Gari linaloshika breki huzua ubishi kila linapofikishwa Buyenzi. Fundi mmoja akiikaribia rimu iliyochemka anasema kalipa imekufa. Mwingine analaumu plaketi (pedi za breki) za bei rahisi zilizojaa sokoni. Wa tatu hataki hata kuvua tairi: toa upepo, weka mafuta mapya, basi. Mwenye gari, asiyejua amwamini nani, huishia kulipia yote hayo moja baada ya jingine, na baada ya wiki chache tairi lilelile linaanza tena kutoa harufu ya kuungua.

Kila mmoja wa mafundi hao anasema kweli kuhusu magari fulani. Kosa ni kuchagua tiba kabla ya kupima, na hasa kuamini kwamba tairi linalochemka ndilo lenye ugonjwa. Mara nyingi ndilo. Mara nyingine linabeba tu adhabu ya kosa lililo mbali nalo, kwenye hozi, kwenye masta (pampu kuu ya breki), au kwenye chupa ya mafuta. Kipimo cha kutofautisha hakihitaji mashine. Kinahitaji jeki, spana ndogo na subira ya nusu saa.

Kwa nini hapa, na kwa nini sasa

Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura tangu enzi za Wabelgiji na ambao tangu mabadiliko ya 2014 uko ndani ya komini ya Mukaza, umejijengea jina katika ufundi wa magari. Kwenye avenyu zake zenye namba magari hufunguliwa kandokando ya njia, na mengi ni Toyota za zamani kutoka Japani zilizopitia bandari ya Dar es Salaam: Corolla, Carina, Probox, Hiace. Karibu zote zina mpangilio uleule, diski mbele na dramu nyuma, na fundi aliyekaa nao miaka mingi anaujua kwa vidole.

Mazingira ya mji ndiyo yanayozionea breki hizo. Anza na uhaba wa mafuta ya gari. Katika vipindi vikali kama vya 2022 na vile vya 2024 na 2025, magari mengi yalikaa siku nyingi bila kutembea, mengine yakiwa kwenye foleni za vituo, mengine uani. Breki isiyotumika hushika kutu upesi kuliko ile inayofanya kazi kila siku. Diski hujifunika ganda jekundu kwa usiku mmoja wa unyevu, pini za kalipa hukauka, na shuu za nyuma hugandamana na dramu ikiwa handbreki iliachwa imevutwa. Siku mwenye gari anapopata lita zake chache na kuwasha, gari linajivuta kama lililopakia mchanga, na sehemu ya mafuta aliyoyasotea inageuka joto kwenye rimu. Uhaba umeleta ugonjwa, na ugonjwa unakula kile kilichokuwa haba.

Kisha kuna maji, ya mto na ya ziwa Tanganyika. Aprili 2020 mto Rusizi ulifurika na Gatumba, nje kidogo ya mji, ikazama. Ziwa nalo lilipanda sana miaka iliyofuata, hadi 2024. Gari linalopita kwenye maji yanayofika katikati ya tairi huingiza tope ndani ya dramu, na penye kifuniko cha mpira kilichopasuka tope huingia hadi kwenye pistoni. Kosa hujitokeza miezi kadhaa baadaye, dereva akiwa ameshayasahau yale maji.

Na kuna mlima. Barabara ya RN1 inashuka kutoka Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hadi mjini, chini ya mita 800, katika mwendo wa kilomita zipatazo 35. Gari lenye uzito wa kilo 1,500 pamoja na abiria, likishuka mita 1,400, huachia nishati ambayo ingetosha kuchemsha zaidi ya lita 60 za maji. Injini huchukua sehemu ya nishati hiyo dereva akikaa kwenye gia ya chini, upepo nao huchukua yake, na iliyobaki yote inaingia kwenye breki. Kasoro ambayo katikati ya mji ni usumbufu tu, kwenye mteremko huo ni jambo la kufa na kupona. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205. Yakishanyonya unyevu wa hewani, kiwango hicho hushuka hadi 140. DOT 4 ina 230, na ikiwa na unyevu 155. Tairi lililoshika breki hufika huko bila taabu, mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hugandamizwa kama hewa, hivyo pedali inazama mpaka chini. Breki iliyokuwa inashika kule Bugarama inaweza kuwa haipo kabisa kabla ya kufika mjini.

Breki inavyopaswa kuachia

Watu wengi hufikiria namna breki inavyokamata na hawajiulizi inavyoachia, ilhali ugonjwa huu wote uko upande wa kuachia.

Ndani ya kalipa, pistoni imezungukwa na pete ya mpira yenye kingo nne. Ukikanyaga pedali, pistoni inasogea mbele na kuifanya pete ijipinde, bila kuteleza. Ukiachia, presha inakwisha, pete inajinyoosha, na katika kujinyoosha inairudisha pistoni nyuma kwa sehemu ndogo ya milimita. Hakuna springi pale ya kuirudisha. Kazi yote inategemea mpira ule mwembamba uwe laini na uso wa pistoni uwe safi. Chembe za kutu zikijipanga kwenye mfereji wa pete, pistoni inakwenda ikisukumwa lakini hairudi.

Kalipa yenyewe nayo lazima iteleze kwenye pini zake mbili, kwa sababu pistoni iko upande mmoja tu. Pini ikiganda, plaketi moja hubaki imeegemea diski. Ukizitoa plaketi unaweza kuusoma ugonjwa huo: moja imekwisha na mwenzake bado nene, au zimeliwa mshazari, upande mmoja wembamba kuliko mwingine.

Mbali na tairi, ndani ya masta, kuna tundu dogo sana ambalo hubaki wazi pedali ikiwa juu, ili mafuta yapate njia ya kurudi kwenye chupa. Mafuta yakipata joto hutanuka, na ongezeko hilo hupandia tunduni. Tundu likizibwa na uchafu, au pistoni ya masta ikizuiwa isirudi hadi mwisho, ongezeko halina pa kwenda isipokuwa magurudumuni. Hivyo ndivyo gari linavyotembea vizuri asubuhi, likashika saa sita mchana, kisha likilala linaachia lenyewe. Anayelipima asubuhi haoni kitu, na dereva anaonekana mzushi.

Hoja za mafundi, moja moja

Wapo wanaoamini kusafisha. Kwao kalipa ni chuma, na chuma husafishwa: fungua, sugua, paka grisi, rudisha. Nguvu ya hoja hii ni kubwa kuliko wanavyokiri wauza vipuri. Pini zilizokauka ni miongoni mwa sababu za kawaida kabisa, na tiba yake halisi ni hiyohiyo. Katika mji ambao vipuri vinategemea fedha za kigeni zisizopatikana kirahisi, ufundi wa kuokoa kifaa ni mali. Udhaifu uko kwenye vitu vinavyotumika. Grisi ya beringi na petroli ya kuoshea ni bidhaa za mafuta ya ardhini, na mipira ya breki imetengenezwa kuvumilia mafuta ya breki pekee. Ikiguswa na petroli au grisi ya kawaida huvimba. Pini iliyopakwa grisi hiyo hucheza vizuri siku ya kwanza, halafu kifuniko chake cha mpira kinavimba na kuibana kuliko mwanzo. Grisi inayofaa ni ya silikoni au ile iliyoandikwa kuwa ni ya breki, na cha kuoshea ni mafuta ya breki yenyewe au spiriti. Jambo jingine linalosahaulika ni kwamba katika kalipa nyingi za Toyota pini mbili hazifanani, moja ina kipete cha mpira nchani. Zikibadilishana nafasi wakati wa kurudisha, ugonjwa umetengenezwa upya na fundi mwenyewe.

Wapo wanaoamini kubadilisha kalipa nzima. Hoja yao ni kwamba pistoni iliyoliwa na kutu haisuguliki ikapona: msasa huondoa ganda la juu linaloilinda, na kutu hurudi kwa kasi. Hapo wana haki kabisa. Lakini wanakosea pale wanapobadilisha kabla ya kuthibitisha, kwa sababu kalipa mpya iliyofungwa kwenye hozi mbovu itashika vilevile. Na kalipa ya mtumba, ambayo ndiyo wengi wanaimudu, ina mipira ya umri uleule kama ile iliyotupwa, pengine ilikaa kavu stoo kwa muda mrefu zaidi.

Wapo, na ni wengi, wanaoamini kutoa upepo. Imani hii ina mizizi migumu kwa sababu inaonekana kufanya kazi. Fundi analegeza skrubu ya kutolea upepo, mafuta yanaruka, tairi linaachia palepale, na kila aliyesimama pale ameona kwa macho yake. Ila kilichotoka ni presha iliyokuwa imenaswa. Hewa ndani ya breki hulainisha pedali na kuifanya izame; breki kung'ang'ania ni jambo jingine. Baada ya kukanyaga mara kadhaa barabarani, presha inanaswa tena palepale iliponaswa mwanzo. Kilichoonekana kuwa tiba kilikuwa kipimo, na kipimo kizuri sana, laiti kingesomwa.

Kipimo chenyewe

Gari liwe sehemu tambarare, magurudumu mengine yamewekewa mawe, na chini ya chasisi kuwe na stendi au gogo imara. Jeki peke yake haitoshi kumlinda mtu. Nyanyua tairi linaloshika, lizungushe kwa mkono upate kujua uzito wake. Mtu mwingine akanyage breki mara tatu kwa nguvu kisha aachie. Likiwa sasa limekaza, usiligonge wala usilitikise.

Legeza skrubu ya kutolea upepo kwenye kalipa, robo ya mzunguko tu. Tairi likibaki limekaza hata baada ya mafuta kutoka, kosa ni la chuma na liko hapo hapo: pistoni, pini, au plaketi iliyokwama kwenye kitako chake chenye kutu. Likiachia mara moja, kosa ni la presha iliyokosa njia ya kurudi, na kalipa haina hatia.

Katika hali hii ya pili, funga skrubu, kanyageni tena mpaka likaze, halafu nenda hatua moja nyuma: legeza nati pale bomba la chuma linapoungana na hozi ya mpira. Tairi likikataa kuachia hapo, ilhali liliachia kwenye kalipa, hozi imeziba ndani. Hozi iliyozeeka huvimba na kuchubuka kwa ndani ikawa kama mlango wa upande mmoja. Mguu wa dereva una nguvu ya kupitisha mafuta kwenda, lakini pete ndogo ya pistoni haina nguvu ya kuyarudisha. Kwa nje inaweza kuonekana nzima kabisa. Na mara nyingi imeumizwa karakana: kalipa ilipofunguliwa iliachwa ikining'inia kwenye hozi badala ya kufungwa kwa waya kwenye springi.

Tairi likiachia kwenye muungano huo, endelea hadi kwenye masta. Hapo kwa kawaida tairi linaloshika halitakuwa moja. Magari mengi yanayovutwa na magurudumu ya mbele, kama Corolla na Probox, yamegawanya breki kimshazari: tairi la mbele kushoto liko njia moja na la nyuma kulia. Mawili hayo yakishika pamoja, au yote manne yakishika, kuhangaika na kalipa moja ni kupoteza fedha. Legeza nati mbili zinazoishikilia masta kwenye sevo (kifaa kinachosaidia nguvu ya mguu), masta isogee mbele milimita chache. Magurudumu yakiachia, kijiti cha sevo kinaisukuma masta hata pasipo mguu; labda kiliwekwa kirefu mno masta ilipobadilishwa. Yasipoachia, lakini yakaachia ukilegeza bomba kwenye masta, tundu la kurudishia limeziba.

Kila ulipolegeza patafungwa, na mwisho wa yote upepo utatolewa kama kawaida, mafuta mapya yakiongezwa. Hapo ndipo penye nafasi halali ya kazi hiyo.

Ugonjwa ulio ghali kuliko yote

Kuna kosa moja ambalo lisipotambuliwa hufanya kila ukarabati kuwa bure: mafuta yasiyo ya breki ndani ya chupa ya breki. Mtu ameishiwa barabarani, amemimina hidroliki ya usukani au oili ya injini ili afike. Kwa siku chache breki zinafanya kazi. Kisha mipira yote ya mfumo inaanza kuvimba, ya masta kwanza, na gari linashika kila kona.

Dalili ya kwanza iko kwenye kifuniko cha chupa. Mpira wake ukiwa umevimba na kujikunja hata haukai tena mahali pake, simama. Kisha vuta mafuta kidogo kutoka chini ya chupa, yadondoshe kwenye glasi ya maji safi na ukoroge. Mafuta ya breki ya kawaida hupotea ndani ya maji. Matone yakielea juu yakifanya madoa yenye rangi za upinde wa mvua, kuna mafuta ya ardhini ndani. Hakuna kusafisha kunakotosha hapo. Masta, hozi, sili za kalipa na za silinda za nyuma, vyote vilivyo na mpira vinabadilishwa, na mabomba ya chuma yanaoshwa kwa spiriti. Ni gharama inayoumiza, lakini fundi anayebadilisha kipande kimoja kimoja atafikisha gharama hiyohiyo kwa miezi minne, na mteja akimwita mwizi.

Nyuma, kwenye dramu

Huku mambo ni mepesi zaidi. Legeza kebo ya handbreki kwenye lever. Magurudumu ya nyuma yakiachia, kebo imekaza au imeshika kutu ndani ya ala yake, na kebo yenye kutu hubadilishwa tu, oili inayomiminwa humo hudumu siku chache. Yasipoachia, fungua dramu uangalie springi za kurudishia, silinda ndogo, na kirekebishaji, ambacho mara nyingi kimekazwa kupita kiasi na mtu aliyetaka handbreki ishike juu. Kwa gari litakalokaa muda mrefu likisubiri mafuta, gia na mawe mawili chini ya matairi ni salama kwa breki kuliko handbreki iliyovutwa.

Kupima njia dhidi ya mfuko

Baada ya kipimo, ubishi wa kusafisha au kubadilisha hupungua sana, kwa sababu kila kosa lina njia yake. Pini zilizoganda zinasafishwa, na kudai kalipa mpya kwa ajili yake ni kumwonea mteja. Hozi haitengenezwi kamwe, inabadilishwa, na kwa busara zinabadilishwa zote mbili za mbele, maana zilizaliwa siku moja. Pistoni laini yenye sili iliyochoka inatosheka na seti ya sili mpya. Pistoni yenye vishimo vya kutu inahitaji pistoni mpya au kalipa nyingine.

Penye kalipa ya mtumba, pendekezo langu ni njia ya kati ambayo mafundi waangalifu wanaifuata: nunua ya mtumba yenye pistoni isiyo na vishimo, na uivishe sili mpya kabla ya kuifunga. Hii ina uhakika kuliko ya mtumba iliyofungwa kama ilivyotoka, na ni nafuu kuliko mpya. Inahitaji muda, na muda ndio ambao mwenye teksi anauona ghali. Siku moja ya gari kusimama ni siku moja bila chakula nyumbani, na fundi anayesema "rudi kesho" anashindana na jirani anayesema "subiri hapa." Ushindani huo unachangia kazi za haraka sawa na ujinga wa fundi yeyote. Mteja anayetaka kipimo alipie kipimo, hata kama mwisho wake hakuna kifaa kilichobadilishwa. Akigoma, anamfundisha fundi kuuza vifaa.

Njia moja haina nafasi katika mizani hii: kuziba bomba la tairi linaloshika ili gari liendelee na breki za magurudumu matatu. Hufanyika, tena hufanywa kama msaada. Gari lililozibwa hivyo huvutwa upande mmoja kila linapofunga breki, na kwenye kona za kushuka RN1, penye malori upande mmoja na vijana wa baiskeli waliobeba ndizi upande mwingine, upande huo ni wa mtu fulani. Gari la namna hiyo livutwe kwa kamba hadi karakana. Kumwaga maji kwenye diski iliyochemka nako kuachwe, kwani huipinda au kuipasua, na ugonjwa wa pili unaanza.

Kazi ikiisha, gari lijaribiwe kwenye njia tambarare, ya Gatumba kwa mfano, kilomita kadhaa kwa kutumia breki kidogo iwezekanavyo, na lisimamishwe kwa kupunguza gia. Sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Za mbele mbili zitoe joto linalolingana, za nyuma ziwe za baridi zaidi. Kisha nyanyua tena kila tairi likiwa bado na moto na ulizungushe kwa mkono, kwa sababu tundu la masta lililoziba hujificha gari likipoa. Jaribio hilo lirudiwe baada ya wiki moja, na kwa gari la kupanda Bugarama, lirudiwe kabla ya safari ya kwanza.